Matroni Aliyekunywa Daftari

Miaka sita mizima niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Matroni wetu alikunywa daftari. Ilisemwa kwamba siku tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa uuguzi alilichoma daftari lake la dawa, akayakusanya majivu, akayakoroga kwenye uji wa ulezi, akanywa mpaka akalamba kikombe. Tangu siku hiyo dozi ya kila dawa iliyoko duniani, na nyingine ambazo bado hazijatengenezwa, ikaganda ndani ya damu yake. Ndiyo maana, walisema, hakosei.

Aliyenipa habari hizo ni Dereva, mwenzangu kwenye ambulensi, mtu wa Tabora aliyekuja Same kukata mkonge akaishia kwenye usukani. Dereva hasimulii kama mtu anayetaka uamini. Husimulia huku anafunga kamba za kiatu, na wewe unajikuta umeshaamini kabla hajafika kiatu cha pili.

Nami niliamini vizuri mpaka nikajaribu. Nilichana ukurasa mmoja tu, maana sina uroho, ukurasa wa dawa za degedege. Nikauchoma kwenye kifuniko cha sufuria, nikautia kwenye uji, nikameza. Nilikohoa siku tatu, na jirani yangu anaapa kwamba nilikuwa natoa moshi masikioni. Dozi haikuingia. Kilichoingia ni tumbo la kuendesha.

Msinicheke sana. Mimi ni mtu wa shule ya jioni. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka thelathini na moja, kwenye darasa la kuazima, madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu. Mtu aliyesoma namna hiyo anajua jambo moja tu kuhusu elimu: kukariri. Nilikariri mito, nikakariri marais, nikakariri kemia bila kuona hata tone la tindikali. Kwa hiyo nilipopata kazi ya uhudumu wa ambulensi na kusikia kwamba kuna mwanamke aliyepata njia ya mkato ya kukariri, nilimwona kama mtume.

Mtume huyo alikuwa mfupi, mwenye viatu vyeupe visivyopiga kelele. Ile kofia ya wauguzi wa zamani hakuivaa tena, lakini alitembea kama aliyeivaa. Sauti hakuipaza hata siku moja. Alizungumza polepole kiasi kwamba ukimuuliza jambo asubuhi, jibu linakukuta umeshakula chakula cha mchana. Ndiye aliyekuwa akitukabidhi ufunguo wa sanduku la dawa za ambulensi kila zamu, na ndiye aliyekuwa na kitu nilichokitaka kuliko mke, kuliko kiwanja: sahihi.

Kuna fomu moja ya ukurasa mmoja. Bila sahihi ya Matroni kwenye fomu hiyo, mhudumu anabeba machela, anafunga bandeji, anamshika mgonjwa mkono na kumwambia tutafika. Sindano hatoi mpaka apige simu kuomba ruhusa kwa daktari wa zamu. Na mnajua simu zetu huku milimani. Unazungumza vizuri, mnakata kona, na daktari amebaki upande wa pili wa mlima pamoja na ruhusa yake. Nimewahi kushuka garini na kupanda jiwe, mkono mmoja una simu, mwingine una tochi, naomba kibali cha kumpunguzia mtu maumivu huku yeye mwenyewe ananisikia. Nilitaka sahihi ile. Kwa miaka sita niliitaka, na kwa miaka sita alininyima.

Tuanze na mizani, maana huwezi kumwelewa bila mizani.

Dozi ya mtoto inatokana na uzito, na huko juu kwenye mashamba ya tangawizi watoto hawazaliwi na mizani shingoni. Ukimuuliza mama, anakutajia kilo zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki mwaka jana. Ukimuuliza baba, anakwambia "mzito tu huyo". Wenzangu wengi wangekadiria kwa macho. Matroni alichukia neno "kadiria" kama watu wengine wanavyochukia nyoka. Alikumbuka kwamba kila kijiji cha tangawizi kina mnunuzi, na kila mnunuzi ana mizani ya kuning'iniza. Basi ukipiga simu ya kuita ambulensi kwa ajili ya mtoto, kabla hujamaliza kusema jina la kijiji, anakuuliza: "Mnunuzi yupo? Mpelekeni mtoto akapimwe kwenye gunia, kisha nipigie."

Sasa, mizani ya mnunuzi wa tangawizi ni mizani yenye tabia zake. Matroni alilijua hilo. Siku zake za mapumziko alipanda milimani na dumu lenye maji, ambalo uzito wake aliuhakikisha kwenye mizani ya hospitali. Anafika, anasalimia, analitundika dumu, anasoma, anachukua chaki na kuandika ubavuni mwa mizani: hii inapunguza kilo moja kwa kumi. Wanunuzi walimwogopa kuliko afisa yeyote. Mmoja alimlalamikia kwamba anamharibia biashara.

"Mimi sikuja kwa tangawizi yako," alimwambia. "Punguza tangawizi upendavyo. Mtoto usinipunguzie."

Wakulima, bila shaka, walisoma chaki.

Misemo yake ilikuwa mifupi na yote ilikuwa ya kuudhi. "Kidogo si namba." Ukimwambia mgonjwa amepewa maji kidogo ya mshipa, anakujibu hivyo na kuondoka. "Gari ndilo likimbie, mkono utulie." Hii ilikuwa kanuni yake ya njiani: kabla ya kuvuta dawa yoyote kwenye bomba la sindano, gari lisimame, na watu wawili waisome chupa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Jina la dawa, nguvu yake, siku ya kuharibika. Mtu wa pili, kwa upande wetu, alikuwa Dereva, aliyesoma majina ya dawa kwa lafudhi ambayo hata dawa yenyewe isingegeuka ukiiita hivyo. Lakini namba alizisoma sawasawa.

Kanuni hiyo iliniudhi vibaya. Ndani kuna mtu anapiga kelele, nje ndugu zake wamening'inia dirishani, na sisi tumesimama ukingoni mwa korongo tunasomeana chupa kama wanakwaya. Kuna babu mmoja alituuliza, kwa upole tu, kama tumepotea.

Na huyo huyo mwanamke wa vipimo, chai yake ya tangawizi aliitia sukari kwa kumimina. Hakuna kijiko, anainamisha kopo mpaka moyo uridhike. Vidonge vyake vya presha alivimeza akikumbuka, na alivikumbuka akiumwa kichwa. Nilimkuta siku moja anakata kidonge kwa meno.

"Matroni," nikasema, "hiyo ni nusu au robo?"

"Inatosha."

"Inatosha si namba."

"Mimi si mgonjwa wako," akasema, akameza.

Hapo ndipo nilipokuwa nachoka naye. Ungeweza kumvumilia kama angekuwa mkali kwa kila mtu, mwenyewe akiwemo. Lakini alijisamehe mambo ambayo kwangu yangekuwa kesi. Alituandikia barua za onyo kwa kuchelewa dakika tano, na kanisani alifika mahubiri yameshakolea. Alinikataza kubahatisha, halafu yeye mwenyewe akamtazama bibi mmoja mlangoni na kusema, "Huyu anaficha kitu," bila kipimo chochote.

Na kweli bibi alikuwa anaficha. Alishuka na mjukuu wa miaka mitatu, homa kali, mtoto ameanza kuwa wa manjano machoni. Mimi niliuliza kama nilivyofundishwa: "Bibi, mmempa dawa yoyote?" Bibi akasema hawajampa. Nikaandika: hajapewa dawa. Matroni akasoma nilichoandika, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na bibi, akamsalimia kwa Chasu, Kipare cha kwao, wakazungumza habari za mvua na za tangawizi iliyooza shambani. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mbuzi:

"Asubuhi mlimpa ngapi?"

"Asubuhi nilimpa moja na nusu."

"Na mama yake?"

"Mama yake alishampa moja kabla sijajua."

"Na dukani?"

"Dukani walitupa ile ya maji. Vijiko viwiliviwili, tangu juzi."

Yote ilikuwa panado. Watu watatu, siku tatu, kila mmoja akimtibu mtoto yule yule bila kumwambia mwenzake, na ini la mtoto ndilo lililokuwa linahesabu. Walimwahi, akapona. Nilimfuata bibi baadaye, nikiwa nimekasirika, nikamuuliza kwa nini aliniambia hawajampa kitu.

"Wewe uliuliza kama polisi," akasema. "Yeye ameuliza kama mtu anayejua kwamba bibi hawezi kukaa na mtoto mgonjwa mikono mitupu."

Basi mtu wa namna hiyo, anayejua kumwuliza kila mtu, mimi aliniuliza swali moja tu, mara nne.

Mtihani wa mdomo ulifanyika ofisini kwake, mlango wazi. "Mtoto wa kilo kumi ana degedege. Daktari kwa simu amekwambia mpe miligramu mbili. Utavuta kiasi gani kwenye bomba?"

"Mililita mbili, Matroni."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Rudi baada ya miezi sita."

Mara ya pili nilijibu kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu nilimpa jedwali zima, kuanzia mtoto wa kilo tatu mpaka wa thelathini, bila kupumua, kwa mdundo, na muuguzi mmoja aliyepita mlangoni akapiga makofi. Matroni akasubiri nimalize. "Rudi baada ya miezi sita."

Mara ya nne sikuvumilia. "Matroni, nimekosea wapi? Hiyo hesabu ni sahihi. Nimeangalia kwenye kitabu, nimemuuliza daktari."

"Fikiri."

"Nimefikiri."

"Basi fikiri tena."

Neno hilo nalichukia mpaka leo. Nilitoka nje, Dereva akanisoma usoni. "Profesa," akasema, ndivyo anavyoniita kwa ajili ya shule yangu ya jioni, "labda hukunywa majivu ya kutosha."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa siongezi chumvi.

Ilikuwa asubuhi, mvua za masika, tunashuka kutoka kijiji cha Mamba na mtoto wa kike na mama yake. Mtoto alipimwa kwenye mizani ya mnunuzi, tukasahihisha kwa chaki ya Matroni: kilo kumi kamili. Degedege lilianza tena tukiwa katikati ya kona. Kwa bahati mtandao ulikuwepo. Nilimpigia daktari, akasema wazi: miligramu mbili. Nikafungua sanduku.

"Profesa, nisimame tusome?" Dereva aliuliza.

Nilimwangalia mtoto. Macho yamegeuka, mate yanatoka. Nilimwangalia mama. Nilikuwa na jibu hilo kichwani kwa miaka sita, nalijua kuliko jina la baba yangu.

"Endesha," nikasema.

Nikavuta mililita mbili, nikamchoma. Degedege likakoma kabla hatujamaliza kona ya pili. Mama akashusha pumzi. "Asante, dakta," akasema. "Amelala."

Hakuwa amelala. Kifua kilipanda mara moja, kikakaa muda mrefu, kikapanda tena kidogo, kisha kikawa kama kimesahau. Nilimwita, nikambana kucha, hakugutuka. Nikachukua ule mpira wa kumpulizia mgonjwa hewa, nikamfunika pua na mdomo, nikaanza kubana. Nabana, nahesabu, naachia. Nabana, nahesabu, naachia. Nilibana mpaka Same, mlima mzima, na mama ameshika miguu ya mtoto ili asiteleze kwenye kona.  Alikuwa ananitazama mikono.

Matroni alitupokea mlangoni. Mtoto alipochukuliwa na daktari, yeye alichukua ile chupa tupu niliyokuwa nimeitia mfukoni, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mlisoma?"

"Hapana."

Akanipa nisome. Kioo kile kile, ukubwa ule ule, maandishi ya rangi ile ile. Chupa zetu zote za nyuma zilikuwa na miligramu moja kwenye kila mililita. Hii, kutoka shehena mpya, ilikuwa na tano. Daktari aliniambia miligramu mbili, nami nilimpa kumi.

Nilitegemea anichane mbele za watu. Hakufanya hivyo. Alinishika kiwiko, akanipeleka kwenye benchi alipokaa yule mama, akasema, "Mwambie."

"Matroni, naomba..."

"Mwambie mwenyewe. Ni mtoto wake."

Nikamwambia. Nilisema, mama, nimempa mtoto dawa nyingi mno, mara tano ya kiasi chake, kosa ni langu, ndiyo maana hapumui vizuri. Maneno hayo hayana mdundo, wala huwezi kuyakariri.

 Mama akamgeukia Matroni, si mimi. "Ataamka?"

"Anasaidiwa kupumua mpaka dawa iishe mwilini. Natumaini ataamka. Tutakaa hapa pamoja nawe."

Tukakaa. Saa tisa mchana mtoto alifungua macho, akalia, akataka kunyonya. Sijawahi kusikia sauti ya kilio nikaipenda vile. Matroni alisimama, akaenda stoo, akafunga plasta nyekundu kwenye kila chupa ya shehena mpya, moja moja. Jioni aliandika barua kwa walioleta dawa hizo, kueleza kwamba chupa mbili zenye nguvu tofauti haziwezi kufanana sura. Barua haikujibiwa. Akaandika ya pili. Hiyo nayo haikujibiwa. Aliendelea kuandika mpaka alipostaafu, na kila shehena iliyokuja aliifunga tena plasta nyekundu.

Alistaafu bila kunisainia. Mkuu mpya wa wauguzi akaniambia kwamba mitihani yangu yote ilikuwa mikononi mwa Matroni: ama aifunge yeye, ama nianze upya tangu mwanzo. Basi Jumamosi moja nikapanda bodaboda na fomu yangu kwenye bahasha, nikamfuata kwake milimani.

Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, anakwangua udongo kwenye tangawizi. Macho yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Alinitambua kwa salamu.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Umekuja na gari la wagonjwa?"

"Nimekuja na bodaboda."

"Vizuri. Kaa."

Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliweka kisu chini. "Mtoto wa kilo kumi ana degedege. Daktari amekwambia miligramu mbili. Utavuta kiasi gani?"

"Naomba kwanza nione chupa."

"Sina chupa hapa."

"Basi sina jibu."

Alinyoosha mkono apewe fomu. "Nionyeshe mstari ulipo," akasema. Nikamwekea kidole, akasaini, sahihi ikapanda ikavuka mstari.

Ningepaswa kufurahi. Nilichohisi ni hasira inayopanda kutoka kwenye nyayo. Miaka sita. Ile ofisi, ule mlango wazi, jedwali langu la mdundo.

"Ndiyo hilo tu, Matroni?" nikasema. "Neno moja, 'chupa'? Ungeniambia siku ya kwanza. Ungeniambia, yule mtoto asingefika pale alipofika."

Alinirudishia fomu kwanza.

"Ulikuwa unajibu kwa sauti ya mtu anayejua," akasema. "Nikadhani la chupa unalijua, ila unanifanyia jeuri kwa kuwa mimi mzee na wewe umesoma. Nikasema huyu nitamsubiri ashuke mwenyewe. Sikufikiri kwamba hujui." Akachukua kipande cha tangawizi, akakirudisha. "Hapo nilikosea. Ilikuwa nikwambie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi njia nzima, kona zote zile, na sasa nikakosa mtu wa kugombana naye. Nikashika lililokuwa karibu.

"Na sisi tungejuaje? Wewe zote unazo kichwani. Sisi hatukunywa daftari."

"Daftari gani?"

Nikamweleza. Uji wa ulezi, majivu, siku tatu kabla ya mtihani, kikombe kilicholambwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Na wewe ulikunywa?"

"Ukurasa mmoja."

"Hakuna daftari," akasema. "Somo la dawa nilifeli mara mbili, ya tatu nikapenya. Sina dozi hata moja kichwani, na sijawahi kuwa nayo. Kila mtu niliyemchoma sindano, nilisoma chupa kwanza."